Mihuri Mitano na Karatasi Iliyosahaulika

Tarehe 13 Machi 1872, ndani ya tembe la Kwihara, kilomita chache kutoka mjini Tabora, David Livingstone alifunga kitabu kikubwa chenye habari za miaka sita ya safari zake. Kesho yake Henry Morton Stanley angeanza safari ya kurudi pwani, na kitabu hicho kingekwenda naye. Livingstone akakitia mihuri mitano. Kwa kugandamizia lakiri alitumia vitu vilivyokuwa karibu: sarafu ya dhahabu ya Marekani, sarafu za ana na nusu ana za India, na kipande cha rangi ya kuchorea kilichochongwa nembo ya ufalme wa Uingereza. Akaacha agizo kali kwamba kitabu hicho kisifunguliwe kabisa. Wataalamu wa leo wanakiita Shajara ya Unyanyembe.

Tahadhari hiyo haikuwa ya bure. Mwaka 1869, akiwa Ujiji, mgonjwa na asiye na kitu, Livingstone alikuwa ameandika barua zaidi ya 40 na kuzikabidhi kwa msafara uliokuwa ukienda pwani kupitia Unyanyembe, eneo la Tabora. Karibu zote zilipotelea njiani. Mwenyewe aliamini ziliangamizwa kwa makusudi, na sababu aliijua. Wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliokuwa wakiingia Manyema, magharibi ya Ziwa Tanganyika, hawakuhitaji kusoma Kiingereza ili kujua mzungu huyu angeandika nini kwa balozi wa Uingereza aliyekuwa Zanzibar. Aliona misafara, aliona minyororo, alihesabu vijiji vilivyochomwa. Barua yake ilikuwa ushahidi unaotembea kwa miguu, na ulilazimika kupita mikononi mwa watu walewale iliowashtaki.

Upande wa pili mambo hayakuwa bora. Stanley alipofika Unyanyembe mwaka 1871 alikuta furushi la barua zilizotumwa kwa Livingstone lenye tarehe ya 1 Novemba 1870, limekaa pale likisubiri mtu wa kulisogeza mbele. Lilimfikia mwenyewe Ujiji mwaka mzima hivi tangu lifungwe.

Msomaji anayeishi Cheyo, kata ya Manispaa ya Tabora, anaishi katika njia panda ambayo zamani hakuna msafara mkubwa wa bara ulioweza kuikwepa kirahisi. Richard Burton na John Hanning Speke walitumia siku 134 kutoka pwani mpaka Kazeh, makazi ya wafanyabiashara wa Kiarabu hapa Unyanyembe, wakafika tarehe 7 Novemba 1857. Hapo mizigo ilishushwa, wapagazi wakalipwa, wapya wakatafutwa. Njia moja ilielekea Ujiji na Manyema, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda, nyingine kusini-magharibi. Msafara ungeweza kukaa wiki, ungeweza kukaa miezi. Agosti 1871 mtawala Mirambo aliuchoma mji wa Tabora, mfanyabiashara wa Kiarabu Khamis bin Abdullah akauawa, na njia ya magharibi ikafungwa. Stanley akanaswa Kwihara na mizigo yake yote, na alipoondoka ilimbidi azunguke mbali kwa upande wa kusini.

Kwa hiyo Unyanyembe haikuwa njia tu. Ilikuwa ghala. Vitu vililala pale, na mahali vitu vinapolala ndipo vinapoguswa. Oktoba 1873, watumishi wa Livingstone, Chuma na Susi na wenzao, walipoufikisha mwili wake Unyanyembe, walimkuta luteni wa jeshi la majini la Uingereza, Verney Lovett Cameron. Yeye aliamua masanduku ya marehemu yafunguliwe, akachukua vyombo vyake vingi vya kupimia. Watu waliokuwa wamebeba maiti na mali yake kutoka Ilala, mbali kusini, hawakupendezwa, lakini hawakuwa na uwezo wa kumzuia. Katika mkasa huu wote wao ndio waliokuwa walinzi bora wa siri za Livingstone, na ni haki waandishi walitaje hilo mara nyingi zaidi kuliko wanavyofanya.

Ile mihuri mitano ilifanya kazi yake. Kitabu kilifika Uingereza kikiwa salama mwaka 1872, pamoja na barua za Livingstone zilizoeleza mauaji ya Nyangwe ya tarehe 15 Julai 1871, pale wafanyabiashara wenye bunduki walipofyatulia risasi soko lililojaa wanawake kwenye ukingo wa Mto Lualaba. Livingstone aliandika kwamba Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Habari hizo ziliwasha hasira ya umma, serikali ya Uingereza ikambana Sultani Barghash, na tarehe 5 Juni 1873 mkataba ukatiwa saini Zanzibar. Soko la watumwa la Unguja likafungwa. Wale waliozipoteza barua za 1869 walikuwa wameona mbali.

Lakini Nyangwe iliandikwa mara mbili.

Alipokuwa Manyema, Livingstone aliishiwa karatasi na wino. Akachukua gazeti la London, *The Standard* la tarehe 24 Novemba 1869, akalikata, akaandika juu ya maandishi yaliyochapwa, mistari yake ikiyakata ya gazeti. Wino aliutengeneza kwa mbegu za mzingifuri, mti ambao wapishi na watia rangi wa Afrika Mashariki wanaufahamu vizuri. Baadaye alinakili habari hizo katika kitabu kile kikubwa, kwa mkono safi na wino wa kweli. Rangi ya mzingifuri ilififia. Karatasi zikageuka kahawia, zikahifadhiwa Blantyre, Scotland, mji aliozaliwa, na kwa zaidi ya karne moja jicho la kawaida halikuweza kuona mengi zaidi ya gazeti kuukuu lenye madoa.

Mwaka 2011 kundi la watafiti likiongozwa na Adrian Wisnicki lilitangaza kuwa limezisoma. Waliupiga picha kila ukurasa kwa mwanga wa aina mbalimbali, kuanzia ule wa urujuanimno hadi ule wa infraredi, kisha kompyuta ikatenganisha tabaka la gazeti na tabaka la mzingifuri. Maneno yakatokea. Wakalinganisha karatasi na kitabu, na vilikuwa havilingani kila mahali. Katika karatasi Livingstone anaonekana akiwa na wasiwasi mkubwa zaidi kuhusu mwenendo wa watu aliokuwa nao mwenyewe, wale waliotumwa kwake kutoka Zanzibar. Wisnicki anaona kuwa huenda baadhi yao walihusika katika fujo za siku hizo, na kwamba Livingstone aliupunguza wasiwasi huo alipokuwa akinakili. Kilichofungwa kwa lakiri Kwihara kilikuwa toleo lililokwisha kuchujwa. Toleo lisilochujwa halikufungwa na yeyote, kwa sababu hakuna aliyedhani kwamba bado linasomeka.

Historia ya siri huandikwa zaidi kama historia ya kufuli na wezi wa kufuli. Sehemu kubwa yake, hata hivyo, ni historia ya mabaki: rasimu, karatasi iliyotumika tena, kitu kilichodhaniwa kimefutika. Jeshi lilijua hilo mapema. Oktoba 1914 Waingereza walipata fununu ya maficho ya manowari ya Kijerumani *Königsberg* katika delta ya Rufiji kutokana na nyaraka zilizokutwa ndani ya meli *Präsident* huko Lindi, zikionyesha shehena ya makaa ya mawe iliyopelekwa Rufiji. Ofisa wa upelelezi Richard Meinertzhagen alidai kwamba watu wake walikusanya hata makaratasi yaliyotumika vyooni katika kambi za Wajerumani, wakapata humo amri na ripoti. Wanahistoria wana sababu za kutosha za kutomwamini Meinertzhagen katika mengi. Hata hivyo ofisa yeyote aliyewahi kuhama kambi kwa haraka, kama Wajerumani walivyoihama Tabora kabla Wabelgiji hawajaingia tarehe 19 Septemba 1916, alijua ni kazi ngumu kiasi gani kutoacha kitu nyuma.

Kompyuta ilirithi tatizo hili, kisha ikalizidisha mara maelfu, kwa kuwa kutumia tena nafasi ileile ndiyo kazi yake ya kila dakika. Kumbukumbu yake ni kama chumba cha gesti. Programu moja inapangishwa, inaweka vitu vyake, inaondoka. Nyingine inaingia papo hapo. Kinachoitwa kufuta, katika mifumo mingi ya zamani, kilikuwa ni kuandika kwenye daftari la mapokezi kwamba chumba kiko wazi. Aliyetangulia ameacha nini kitandani, hakuna aliyekwenda kutazama. Sababu haikuwa uzembe mtupu. Mashine zilikuwa za polepole na ghali, na kujaza sifuri katika kila nafasi kabla ya kuigawa kulichukua muda ambao waandishi wa programu waliuona umepotea.

Tanzania iliingia katika safari hii mapema, kisha ikasimama. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta baada ya mashine hizo kushindwa kuleta tija iliyotarajiwa, na marufuku hiyo ilichukua miaka mingi kulegezwa. Mlango ulipofunguka, kilichoingia kwa wingi kilikuwa programu zilizokwisha kuandikwa kwingine, pamoja na kasoro zake zote.

Na kasoro hii ilikwisha kujulikana. Mwaka 1985 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilichapisha vigezo vyake vya usalama wa kompyuta katika kitabu chenye jalada la rangi ya machungwa. Humo mna sharti lisilo na utata: nafasi yoyote ya kuhifadhia isikabidhiwe mtumiaji mpya ikiwa bado ina mabaki ya mtumiaji aliyetangulia. Mtu angetegemea kwamba baada ya hapo suala limekwisha.

Halikwisha. Programu ya kuandikia ya Word, katika matoleo ya miaka ya 1990, ilikuwa na chaguo la kuhifadhi haraka. Badala ya kuandika faili zima upya, iliongezea mabadiliko mwishoni na kuyaacha maneno yaliyofutwa yakae mlemle, yasionekane kwenye skrini lakini yasomeke kwa yeyote aliyefungua faili kwa programu nyingine. Karani alifuta bei ya kwanza ya zabuni, akaandika ya pili, akatuma faili. Mpokeaji aliyejua angeziona zote mbili. Faili hizo zilibeba pia historia ya waliozihariri. Februari 2003 ofisi ya waziri mkuu wa Uingereza ilichapisha waraka wa kuunga mkono vita dhidi ya Iraq. Glen Rangwala, mhadhiri wa Cambridge, akagundua kuwa sehemu yake kubwa ilinakiliwa kutoka makala ya mtafiti Ibrahim al-Marashi. Kisha watu wakachungulia ndani ya faili lenyewe la Word na kukuta orodha ya mara 10 za mwisho lilipohifadhiwa, pamoja na majina ya maofisa wanne waliolishika. Hakuna aliyevunja kompyuta ya serikali. Serikali yenyewe iliyaweka majina hayo mtandaoni.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, Januari 2003, Ofir Arkin na Josh Anderson walieleza kasoro waliyoiita Etherleak. Wapagazi wa karne ya 19 walibeba mizigo yenye uzito uliozoeleka. Mtandao wa Ethernet nao una kipimo chake cha chini, kwani kila kifurushi lazima kifike baiti 60 kabla ya kuongezwa namba ya uhakiki. Ujumbe mfupi kama ule ambao kompyuta moja hutumia kuuliza anwani ya nyingine una baiti 42 tu. Baiti 18 zilizobaki hujazwa. Kanuni zilisema zijazwe sifuri. Lakini programu nyingi zilizoendesha kadi za mtandao, katika Linux, Windows na mifumo mingine, zilichukua chochote kilichokuwa kimelala kwenye kumbukumbu: kipande cha ujumbe uliopita, kipande cha barua ya mtu mwingine, pengine nenosiri. Mtu alihitaji tu kuuliza maswali mafupi, tena na tena, akaokota majibu. Uzuri wa ugunduzi huu, kama neno uzuri linafaa, ni kwamba uvujaji haukutokea ndani ya ujumbe. Ulitokea katika nafasi tupu ya ujumbe, pale ambapo kila mhandisi aliamini hakuna kitu.

Kisha ikaja Heartbleed, na dunia nzima ikalazimika kuelewa.

OpenSSL ni programu huria inayofunga mawasiliano ya tovuti kwa usimbaji fiche, yaani ndiyo lakiri ya intaneti. Tarehe 31 Desemba 2011 iliongezewa kipengele kidogo cha kuhakikisha kwamba upande wa pili bado uko hai. Kompyuta hutuma neno, hutaja urefu wake, na seva hulirudisha neno lilelile. Seva haikukagua kama urefu uliotajwa ni wa kweli. Mtu akituma neno la herufi nne na kudai lina herufi elfu 64, seva ilirudisha zile nne, kisha ikaendelea kusoma kumbukumbu iliyofuata na kuituma yote, takribani kilobaiti 64 kwa kila ombi. Humo mngeweza kuwa na majina ya watumiaji, nywila, hata ufunguo wa siri wa tovuti yenyewe. Ombi halikuacha alama katika rekodi za kawaida za seva. Toleo lenye kasoro lilitoka Machi 2012, na hadi ilipotangazwa tarehe 7 Aprili 2014 ilikuwa imekaa wazi miaka miwili. Iligunduliwa na Neel Mehta wa Google, na kwa wakati uleule na wahandisi wa kampuni ya Codenomicon ya Finland. Kampuni ya Netcraft ilikadiria kuwa tovuti kama nusu milioni ziliathirika.

Wapo waliosema ufunguo wa siri hauwezi kutoka kwa njia hiyo. Kampuni ya Cloudflare ikaweka seva ya majaribio na kuwaalika watu waiibe siri yake. Kabla siku haijaisha ufunguo ulikuwa umekwisha kutolewa. Mamlaka ya kodi ya Kanada ilipoteza namba za utambulisho za walipakodi wapatao 900 katika muda wa saa sita.

Jambo moja katika kisa hiki linauma kuliko mengine. Ili kuharakisha kazi, OpenSSL ilikuwa na utaratibu wake wenyewe wa kugawa na kutumia tena kumbukumbu, nje ya utaratibu wa mfumo endeshi, hivyo kinga ambazo mifumo fulani ilikuwa nazo dhidi ya mabaki hazikufanya kazi. Na programu hii, iliyolinda fedha za mabenki na barua za mamilioni, ilikuwa ikitunzwa na watu wachache mno, kwa michango ya takribani dola 2,000 kwa mwaka. Kampuni kubwa zilizoitumia bure zilianza kuchangia mamilioni baada ya aibu kutokea. Wapagazi wa Kinyamwezi walitendewa hivyohivyo: biashara nzima ya bara ilikaa mabegani mwao, na waliowekwa kwenye vitabu ni wenye mizigo.

Diski nazo zina hadithi yao, na hii inaigusa Tabora kwa karibu zaidi. Mwaka uleule wa Etherleak, 2003, Simson Garfinkel na Abhi Shelat walichapisha matokeo ya kununua diski 158 zilizotumika. Kati ya 129 zilizofanya kazi, 12 tu zilikuwa zimesafishwa ipasavyo. Nyingine zilikuwa na barua, rekodi za wagonjwa, na maelfu ya namba za kadi za benki. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Kanada walinunua diski nchini Ghana, katika bandari ya Tema, wakakuta humo nyaraka za Northrop Grumman, kampuni ya silaha ya Marekani. Kompyuta za mitumba ziliingia Afrika Mashariki kwa njia hiyohiyo, na ndizo zilizofundishia kizazi kizima kuandika.

Nyingi ziliishia kwenye steshenari. Katika kila mji wa Tanzania, Tabora ikiwemo, mtu asiye na kompyuta huenda steshenari kuchapiwa barua ya kazi, kuskani cheti cha kuzaliwa, kuprinti fomu ya mkopo. Analipa, anachukua karatasi yake, anaondoka. Faili linabaki kwenye dawati la skrini, karibu na ya wateja wengine mia. Skana ina nakala, mashine ya kudurusu ya kidijiti ina diski yake ndani, na WhatsApp ya duka ina picha ya kitambulisho cha taifa iliyotumwa ili iprintiwe. Hata anayefuta, hufuta kwa kupeleka kwenye pipa la taka la kompyuta, na pipa lenyewe likimwagwa, programu ya bure ya kurejesha faili hulitoa tena kwa dakika chache ikiwa nafasi yake haijaandikwa upya.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamhusu mwenye steshenari kama inavyoihusu benki. Kwa upande wa programu, maendeleo yapo. Mwaka 2019 Linux toleo la 5.3 liliongezewa chaguo la kujaza sifuri katika kila nafasi ya kumbukumbu ya kiini cha mfumo inapogawiwa, na vipimo vya walioliandika vilionyesha kwamba kwa kazi nyingi gharama yake ya muda haifiki asilimia moja. Miaka 34 ilikuwa imepita tangu kitabu kile cha rangi ya machungwa. Mashine zenye mifumo ya kabla ya hapo, zile zinazowashwa kila asubuhi kwa sababu bado zinaprinti vizuri, hazitapata chaguo hilo. Na kwa kuwa chaguo hilo haligusi diski, kwa mashine zote iko kazi ya mkono: kuandika sifuri juu ya diski nzima kabla ya kuiuza au kuigawa, kazi ambayo kwa diski kubwa huchukua usiku kucha na ambayo mteja hataiona wala kuilipia.